Majina ya Kuazima

Wajukuu wangu wakisikia kwamba niliwahi kuwa karani wa mradi wa Wazungu, huniona mtu mkubwa. Juzi mmoja wao alisimama kanisani akanitaja kama mama aliyesaidia kuleta maendeleo pande za mto Kuja, na watu wakapiga makofi. Nilikaa pale nikitabasamu kama mpumbavu, na niliporudi nyumbani chakula kilinishinda. Ndiyo maana naandika. Nimechoka kupigiwa makofi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, wakati ziwa lilipopanda na kukataa kushuka. Mashamba ya mtama ya ufuoni yaligeuka matete, na wavuvi walifunga mitumbwi kwenye miti ambayo zamani walianikia nyavu. Wazee walisema maji hayapandi hivyo bila kuchukua kitu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza darasa la nane, najua Kiingereza, na niliwacheka. Ujuaji wangu wa siku zile ungejaza gunia.

Kwetu ni kusini mwa mto Kuja, karibu na unapoingilia ziwani. Ukivuka ndipo unashika njia ya Karungu, na ukiwa na gari unaweza kuzunguka kwa Rangwe hadi Homa Bay. Nyumbani tulikuwa wanne. Mama yangu alikuwa mjane, Msabato asiye na mzaha hata kidogo. Kaka yangu alikuwa seremala. Mke wake, wifi yangu, alikuwa mtu wa kucheka huku amejiziba mdomo, na kazi yake kubwa ilikuwa kunitania. "Karani," aliniambia kila aliponiona nimeshika kalamu, "wewe utaolewa na daftari, na mahari italetwa kwa karatasi." Nilimpenda kuliko nilivyompenda kaka yangu, na sioni haya kusema hivyo. Alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla hawajajua kukaa.

Mwaka huo alikuwa mjamzito tena. Nilijua kwa sababu tulikuwa tunaoga pamoja mtoni. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Kwetu mimba haitangazwi. Kuna watu wenye jicho baya, anaitwa *jasihoho* mtu wa namna hiyo, na huwezi kumjua kwa kumtazama. Anaweza kuwa jirani anayekuletea maziwa. Akiisifu mimba yako kwa moyo mweupe kabisa, ndiyo basi. Kwa hiyo mwanamke hujifunga leso vizuri, hubeba kikapu tumboni, na watu wote wa adabu hujifanya vipofu mpaka mtoto alie.

Nilikuwa katibu wa chama cha wanawake cha pande zote mbili za mto. Mwenyekiti wetu aliishi ng'ambo ya kaskazini. Alikuwa bibi wa wajukuu wengi, na sote tulimwita Dani, yaani nyanya. Hakujua kusoma, lakini hakuna aliyewahi kumdanganya na kulala usingizi. Siku moja barua ilikuja kutuita Homa Bay. Tulipanda lori la pamba, mimi na yeye, tukafika tumejaa nyuzi kichwani kama vikongwe wawili.

Kwenye ukumbi tuliwakuta watu wa misheni, watu wa kaunsili na Mzungu mmoja mrefu, mwembamba, aliyekuwa akiinamisha kichwa kila mtu alipozungumza ili asikose neno. Nitasema ukweli wake: hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Alisema hakuja kutoa sadaka, kwa sababu sadaka humfanya anayepokea kuwa mdogo. Alikuja kutafuta washirika. Wakfu wake ungetoa Landrova na dawa. Misheni ingetoa muuguzi. Kaunsili ingetoa dereva na kuitunza njia. Na sisi wanawake tungejenga nyumba ya kujifungulia, halafu tungeandika majina ya wajawazito wote, ili gari lijue pa kwenda. Kila mshirika na chake, na kila mshirika ataheshimiwa. Mambo yakienda vizuri kwetu, namna hii ya kufanya kazi ingepelekwa wilaya nyingine, na akina mama wangeacha kufa kwa kukosa msaada.

Dani akainua mkono. Mbele ya wakubwa hakupenda kutafsiriwa. Alizungumza Kiswahili chake mwenyewe.

"Hii mali ni ya nani?"

Mtu wa misheni alimweleza kwamba kulikuwa na tajiri huko kwao, akafa, akaacha mali yake ifanye wema.

"Kwa hivyo sisi nashirikiana na mtu amekufa," alisema Dani.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi nauliza tu. Mtu akikufa na mali yake inatembea, hiyo mali nataka nini kwa sisi?"

Nilimtafsiria Mzungu, nikalainisha kidogo. Alitabasamu kwa upole, akasema marehemu hakutaka kitu chochote kutoka kwetu. Wao walichohitaji ni majina tu.

Dani aliweka dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Njiani kurudi tulipita Rangwe. Hapo akasema, kama anayejisemesha, kwamba afadhali wangetaka ng'ombe.

Ujenzi haukutusumbua. Wakati ule neno harambee lilikuwa bado linawasha damu. Nyumba ilisimama upande wa kaskazini, penye mwinuko, kwa sababu huko ndiko njia ilikofika. Wanaume walichoma matofali, sisi tukateka maji na kukandika, na kaka yangu alivuka kila siku na randa yake akatengeneza vitanda. Muuguzi alifika, mwanamke wa pwani aliyenyooka kama mshale, Kiswahili chake kizuri hata kilitutia haya. Tulimwita Sista. Naye akauliza: majina yako wapi?

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba na daftari la wakfu, lenye jalada jeusi na mistari myekundu. Sijawahi kukimbiwa hivyo maishani mwangu. Wanawake niliokua nao waliingia jikoni waliponiona, wakatoka wameshika ungo mbele ya tumbo. Mmoja, ambaye hata kuku wake walijua amebakiza wiki mbili, alinikazia macho akaniambia amekula viazi vingi. Sikuwalaumu sana. Walikuwa wakificha mimba kwa jirani, na mimi nilitaka kuiandika kwenye karatasi itakayosafiri hadi Homa Bay, kisha ivuke bahari, isomwe na macho ambayo hakuna aliyeyajua, kwa niaba ya maiti. Nilipowaeleza kwamba ni kwa faida yao, nilisikia sauti yangu mwenyewe na sikuipenda.

Sista aliwaita wanawake akawaambia, "Mficha uchi hazai, dada zangu." Wakacheka kwa heshima, wakaitikia ndiyo ndiyo, wakakaza leso.

Zikabaki siku chache Mzungu arudi kukagua, na daftari lilikuwa jeupe. Nilimwendea Dani nikiwa karibu kulia kwa hasira. Alikuwa amekaa na wazee wenzake wakipura wimbi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa shida yako iko wapi?" aliniuliza. "Wanataka majina ya wanawake. Sisi si wanawake? Andika sisi wazee. Tumbo langu mwenye jicho alitazame mpaka achoke, halina kitu. Kila mmoja wetu atabeba jina kwa ajili ya msichana wake. Siku ya kuzaa ikifika, msichana ataenda kwa Sista na kusema, nimekuja kwa jina la fulani."

Bibi mmoja asiye na meno akapiga kigelegele. "Mimi niandike miezi saba, nipumzishwe kazi mapema!" Mwingine akataka aandikiwe mapacha. Tulicheka mpaka wimbi likamwagika. Nikachukua kalamu nikaandika, mmoja baada ya mwingine, na nikaona kwamba tumewaweza. Kidole kimoja hakivunji chawa, nilijisemea. Haya ndiyo mambo ya ushirika.

Nilirudi kwetu kusini nikiwa na furaha, nikamweleza mama. Nilifikiri angemwazima wifi yangu jina mara moja.

Mama aliweka chini kibuyu alichokuwa akikisafisha. "Yaani niandike kwamba mimi, mjane wa miaka hii, nina mimba?"

"Ni karatasi tu, Mama."

"Kwa Mungu hakuna karatasi tu. Amri ya tisa haikutengewa Wazungu. Sitadanganya kwa mdomo na sitadanganya kwa wino."

"Basi mwambie yeye mwenyewe akubali kuandikwa."

Hapo mama akatazama pembeni. Yeye aliyehubiri kwamba jicho baya ni imani ya giza, hakuweza kutamka mbele yangu kwamba mke wa mwanawe ni mjamzito. Alikuwa amezika wajukuu wawili.

Upande wetu wengi tulikuwa Wasabato. Nilipita kwa wanawake wazee wote, na jibu lilikuwa lile lile, nyumba moja hadi nyingine, kwa upole, pamoja na kikombe cha uji. Nilipata majina matatu tu. Watu wetu walikataa kusema uongo na wakakataa kusema ukweli, na katikati yake palibaki weupe wa karatasi.

Wifi yangu alinikuta nikilitazama daftari lile. Akaketi karibu nami, na safari hii hakunitania.

"Ukiniandika," alisema, "mimi na wewe basi. Sitakula chakula ulichopika. Wale wawili kila mtu alijua wanakuja. Huyu namtaka aje kimya."

Nikamwahidi.

Mzungu alirudi mawingu yakiwa yameanza kukusanyika juu ya ziwa. Tulikutana kaskazini, kwenye nyumba ya kujifungulia, wanawake wamekaa mikekani na wakubwa vitini. Gari lilisimama nje linameta. Alilisoma daftari taratibu, akafurahi, akanipa mkono mbele ya watu wote. Kisha akaeleza shida iliyobaki. Mvua zikija, daraja la magogo litazama, na gari halitaweza kuvuka kwa miezi miwili au zaidi. Wala Sista. Lazima gari na Sista wakae upande mmoja. Hata upande wa kusini, alisema, wangeweza kukaa, kwenye jengo la shule, kama huko ndiko kwenye wajawazito wengi. Haki ni kufuata majina.

"Kaskazini kumi na tisa," alisema. "Kusini watatu."

Mimi nilijua kusini kuna zaidi ya kumi. Niliwaona kila siku na kikapu chao tumboni.

Alinigeukia. "Nataka kuwa na hakika kabla sijaamua. Je, kusini kuna mjamzito yeyote ambaye hayumo humu?"

Nilitafsiri swali. Wifi yangu alikuwa mstari wa pili, leso mbili zimefungwa juu ya gauni, kikapu mapajani. Hakuangalia chini. Alinitazama mimi. Mama alikuwa karibu naye, macho kwenye mkeka. Dani alikuwa anachora kitu vumbini kwa kidole. Nilijua nikisema wapo, wataulizwa ni akina nani, na kila jicho chini ya paa lile litaanza kutafuta tumbo. Nilijua pia kwamba nikisema daftari si la kweli, mkono ulioliandika ni wangu, uliopewa heshima dakika chache zilizopita.

"Hakuna, Bwana," nilisema.

Hakuna aliyenituma niseme hivyo. Neno lile ni langu.

Watu walipotawanyika, Sista alinishika kiwiko akanivuta nyuma ya nyumba.

"Dada, daftari lako lina nyanya watupu. Wafikiri mimi sina macho?"

"Mbona hukusema?"

"Nikisema, gari larudi Homa Bay kesho, na huu ushirika wafungwa. Wao wanataka washirika waaminifu." Alikuwa na hasira. "Angalau upande mmoja utapona. Nimechagua hivyo. Mungu anisamehe, na wewe pia."

Mvua ikaanza wiki hiyo. Daraja lilizama siku ya tatu, na tangu hapo tuliishi tukilitazama gari ng'ambo ya pili. Kaskazini mambo yalikwenda kama Dani alivyopanga. Wasichana walizaa mmoja mmoja kwa majina ya kuazima, na wavuvi waliothubutu kuvuka walituletea habari: bibi asiye na meno amezaa kidume, yule mwingine kweli amepata mapacha! Kusini tulicheka kwa sauti ndogo. Mwanamke mmoja wa kwetu alizaa mtoto aliyekwisha kufa, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Sikwenda kwenye matanga yale. Nilisema ninaumwa, na kwa kweli nilikuwa ninaumwa. Nilianza kuuogopa mlio wa mto. Ulikuwa unasikika hata ukiwa ndani ya nyumba umefunga mlango, na mama alipoomba kabla ya chakula niliusikia chini ya sauti yake.

Nilimsihi wifi yangu avuke kwa mtumbwi siku maji yatakapopungua kidogo, akakae kwa Dani asubiri.

"Nikakae huko na tumbo langu kama muhogo wa sokoni?" alisema. "Nitavuka mwezi wa mwisho. Bado miezi miwili."

Nilihesabu naye, nikatulia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hata mimi alinificha. Ilikuwa imebaki chini ya wiki tatu. Mwezi wake aliujua yeye peke yake, akaulinda hata dhidi ya mtu aliyekuwa akimsugua mgongo.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Kwetu haikuwa imenyesha kwa siku mbili, anga ilikuwa safi, na kaka yangu alikuwa ameanika mbao. Watu wa huku tunajua kuiogopa siku ya namna hiyo, kwa sababu mvua ya milima ya Kisii haitangazi safari yake. Asubuhi mto ulikuja mwekundu, umebeba miti mizima na mizizi yake, na paa la ghala la mtu. Wavuvi waliburuta mitumbwi juu kabisa. Nilikuwa nimesimama nikitazama wakati jirani aliponijia mbio. Wifi yangu ameanza uchungu.

Mkunga wetu, *nyamrerwa*, alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa mwanamke hodari, sina neno juu yake. Mama alishika mabega, mimi nilishika miguu. Jua lilipofika utosini mtoto alitoka, wa kike, akalia kwa nguvu hata kaka yangu akaangusha kitu huko nje. Nilicheka na kulia. Nilifikiri: basi, tumepita. Hakuna jicho lililomwona.

Kisha damu ikaanza, nayo haikukatika.

Nyamrerwa alimpa dawa ya mizizi, akamsugua, akamfunga. Damu ilipita kwenye majani na leso, ikaingia kwenye sakafu. Aliinua kichwa akanitazama, na sikusubiri aseme. Nilikimbia hadi mtoni na leso mkononi.

Gari lilikuwa pale pale, mlangoni pa nyumba ya kujifungulia, jua linapiga kioo chake. Nilipunga, nilipiga kelele. Watu wakatoka. Sista akaja mbio mpaka ukingoni, na kati yetu maji yalikuwa mapana kuliko uwanja wa shule, yananguruma. Alipaza sauti, nikapata neno moja moja.

"Mtoto?"

"Ametoka! Damu! Damu haikatiki!"

"Kondo la nyuma?"

Maji yakachukua yaliyofuata. Aliacha kusema akatumia mikono. Alijishika tumbo akalikanda kwa nguvu, mviringo, mviringo. Alijiwekea mkono kifuani kama anayenyonyesha. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha akarudi mbio garini, akaja ameshika kitu kidogo juu ya kichwa chake nikione, na nilikiona: sindano, na kichupa cha dawa. Dawa ya kukata damu. Alikuwa nayo mkononi. Dereva, sijui kwa nini, aliliendesha gari mpaka tairi za mbele zikaingia majini, akapiga honi. Labda alifikiri lazima afanye jambo.

Kaka yangu alinipita amevua shati. Wavuvi wanne walimrukia wakamwangusha matopeni. Aliwang'ata. Mmoja wao alikuwa akilia na kumwambia, "Ndugu yangu, sisi tumezaliwa kwenye haya maji, na hatuingii. Hatuingii."

Nilirudi mbio. Nilimweka mtoto titini, nikakanda tumbo kama nilivyoonyeshwa, mviringo, mviringo, mpaka mikono ikafa ganzi. Damu ikapungua. Nakumbuka mama akianza kuimba polepole. Kwa muda, pengine wa kumenya viazi vya chakula cha watu wanne, tuliamini.

Wifi yangu alifungua macho. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya rangi ya majivu.

"Ni msichana?"

"Ni msichana. Mzuri. Ana kelele kama wewe."

Nilitaka acheke. Akageuza macho mlangoni, ambapo majirani walikuwa wamejaa.

"Usiwaambie bado," alisema.

Alikufa alasiri, jua bado kali, mbao za kaka yangu bado zimeanikwa uani.

Mvua zilipoisha, kaunsili ikatengeneza daraja na Mzungu akarudi, safari hii na washirika wote: misheni, kaunsili na wageni wawili kutoka kwao waliokuja kuona namna ya kuipeleka kazi hii wilaya nyingine. Walipika chai. Pande zote mbili za mto tuliitwa. Mama alivuka na mtoto mgongoni, kaka yangu akasimama nyuma kabisa, ameegemea ukuta. Nilitamani nisiende, lakini nani angetafsiri?

Alilisoma daftari kwa sauti. Sista alikuwa ameweka alama mbele ya kila jina. Alipofika mwisho akavua miwani, na niliona macho yake yana machozi.

"Hakuna mama hata mmoja wa ushirika huu aliyekufa," alisema. "Hata mmoja."

Nilitafsiri neno kwa neno. Wanawake wa kaskazini walianza kupiga makofi, wakaacha. Dani hakupiga. Sista aliangalia vidole vyake vya miguu.

Mama yangu akasimama. Katika maisha yake hakuwahi kusimama mbele ya wakubwa. Alimtazama Mzungu usoni, lakini alizungumza na mimi, kwa lugha yetu, bila kupaza sauti, hata watu wa kaunsili kule mwisho wa viti hawakumsikia.

"Mwambie yuko aliyekufa. Mwambie ni mke wa mwanangu, na mtoto wake ni huyu. Mwambie hakuwa kwenye daftari lake kwa sababu yeye aliogopa na mimi nilikataa kusema uongo. Mwambie wengine wa kwetu nao hawakuwemo. Mwambie atuulize tena."

Wote wakanigeukia. Wageni wale wawili walikuwa wameshika kalamu. Gari lilikuwa nje. Nilifikiria wasichana wa kaskazini ambao mimba zao zilikuwa bado changa, na wilaya nyingine, na Sista ambaye angefukuzwa. Hayo yote niliyafikiria, na yalikuwa kweli. Lakini lililonizuia lilikuwa lile neno langu, hakuna, Bwana, na jinsi yule mtu angenitazama akijua.

"Anasema asante," nilimwambia Mzungu. "Anasema huyu mtoto ni matunda ya ushirika wetu."

Uso wake ukang'aa. Akaja hadi kwa mama na tabasamu lake lote, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamgusa mtoto shavuni.

Mama aliutazama mkono wake ulivyoshikwa, akautazama uso ule uliokuwa ukicheka, akaketi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakukanyaga tena ile nyumba ya kujifungulia, wala hakumruhusu yule mtoto atibiwe humo, na alipoulizwa alisema kwamba alimweleza Mzungu habari ya kifo, naye akacheka. Alikwenda kaburini akiamini hivyo. Nilikuwa nimeketi karibu na kitanda chake siku zake za mwisho, nimemshika mkono, na sikumwambia.